Safari ya Estonia ya Bi Mwanamize

Mlio wenyewe ulikuwa wa pete ya fedha juu ya chuma. Mkavu, mfupi, usio na mwangwi. Mwanamize aliusikia akiwa jikoni anapeta mchele, akiwa bafuni, akiwa kwenye ngazi na mifuko ya sokoni, na kila alipousikia moyo wake ulifanya mambo mawili kwa mpigo mmoja: ulikimbilia, na ulichoka.

Aliyekuwa akigonga ni mumewe, Thabit. Kiharusi kilimpata mwaka 1996, asubuhi, akifunga kilemba mbele ya kioo ili aende kazini kwake, idara ya maji. Kilimchukua upande wa kulia wote, na kilimchukua ulimi. Alibakiwa na mkono wa kushoto, na kidoleni pete ya marehemu baba yake. Jamaa mmoja wa Sidab aliwapa kitanda cha hospitali alichokuwa akilalia mama yake kabla hajafariki. Kikawekwa sebuleni, katika fleti yao ya Darsait, mjini Muscat, karibu na dirisha lenye kiyoyozi, na ubavu wa kitanda ndio ukawa ulimi wa Thabit. Akigonga mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana. Akigonga mfululizo, maana yake njoo.

Mwanamize alikuwa opereta wa simu katika wizara moja pale Ruwi. Alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, akavuka kuja Muscat mwaka 1974 akiwa bi harusi mbichi, hana Kiarabu ila cha msahafu. Kiarabu cha watu alikiokota kwenye waya, kwa kuwasikiliza waliopiga simu kugomba. Thabit akimcheka: "Mke wangu hajui kusema asante, lakini ukitaka mtu wa kukulalamikia, huyu hapa." Kwa miaka na miaka sauti yake ndiyo iliyokuwa mlango wa wizara ile. Wakubwa wasiopata kumwona uso wakimjua kwa salamu yake ya asubuhi, iliyopanda mwishoni kama mtu anayefungua pazia.

Mumewe alipougua aliomba astaafu kabla ya wakati. Mungu hakuwajaalia mtoto, na muuguzi wa kulipwa Thabit hakumtaka. Watu wakamsifu. Harusini, matangani, kila alipokaa, kuna aliyemshika mkono akamwambia, "Mwanamize, pepo yako iko mlangoni." Naye akiinamisha kichwa, kwa sababu sifa ile ilikuwa imempwaya kama nguo ya kuazima, na hakutaka mtu aone ilipopwaya.

Estonia, nchi ya baridi ya kaskazini mwa Ulaya, iliingia nyumbani kwao kupitia dishi la paa, majira ya joto ya mwaka 1999. Ilikuwa baada ya adhuhuri, wakati ambao hata paka wa Darsait hujificha chini ya magari. Mwanamize alikuwa akibadilisha stesheni moja baada ya nyingine, akimtafutia mgonjwa cha kutazama, mara Thabit akagonga. Akarudi nyuma. Kwenye kioo kulikuwa na uwanja wa majani mabichi umejaa watu hadi mwisho wa macho, wanawake kwa wanaume, wamevaa nguo zao za asili na makoti juu ya mabega, mvua inawanyeshea, na wote wanaimba pamoja, wimbo mmoja, hakuna anayekimbilia kibarazani.

"Hawa nao," Mwanamize alisema. "Mvua yote hiyo na hawana habari."

Thabit hakuwa akitazama waimbaji. Alikuwa akitazama mvua. Maisha yake yote ya Muscat alikuwa mtu wa kulalamikia joto. Hata siku za uzima wake alikuwa akisema kwamba babu zake waliondoka Oman kwa akili zao timamu. Sasa jicho lake zima lilikuwa limeng'aa.

"Unapataka?"

Akagonga mara moja.

"Twende?"

Mara moja, kwa nguvu, hata bakuli la uji likatikisika.

Mwanamize akacheka. Ilikuwa muda mrefu hajacheka katika chumba kile. "Haya bwana. Mimi na wewe, Estonia. Tena nitakutengenezea koti hilo, utafanana na balozi."

Ndivyo ulivyoanza mchezo wao. Kila siku baada ya alasiri, Mwanamize akishamgeuza na kumpangusa na kumbadilisha shuka, alivuta kiti, akamimina kahawa, na safari ikaendelea pale ilipoishia jana. Alipata ramani, alipata kijitabu chenye picha, alimpigia simu rafiki yake wa wizarani amtafutie mambo kwenye kompyuta. Tallinn, mji mkuu, watakaa siku ngapi? Treni au basi? Visiwani waende? Thabit alipenda visiwa. Kulikuwa na kimoja chenye vinu vya upepo vya mbao na barabara zilizopita katikati ya misunobari, na picha yake Mwanamize aliibandika ukutani, usawa wa macho ya mgonjwa.

Walijadiliana kama watu wenye tiketi mkononi. Nyama hawatakula, watakula samaki. Samaki wao huwakausha kwa moshi. Mkate wao mweusi, mchachu. "Utaweza wewe, uliyezoea mkate wa ufuta?" Mara moja. "Muongo." Mara moja tena, na ule mkoromo wa kooni ambao ulikuwa ndio kicheko chake. Lililowashughulisha zaidi lilikuwa sala. Kijitabu kilisema kwamba mwezi wa Juni jua la huko halizami mpaka watu wamechoka kulingoja, na likizama halikawii kurudi.

"Sasa magharibi na isha na alfajiri zote zitatukuta macho," alisema Mwanamize. "Tutalala saa ngapi, Thabit? Au tumekwenda likizo kuwa walinzi?"

Mahbuba aliona yote haya ni kichekesho. Mahbuba ni dada mkubwa wa Thabit, mjane, anayekaa Bawshar kwenye nyumba kubwa ya mwanawe. Kila Alkhamisi dereva alimleta Darsait kumkalia ndugu yake ili Mwanamize apate kutoka.

"Huko Estonia mna nani?" aliuliza siku ya kwanza alipoona picha ukutani.

"Hatuna mtu, wifi. Tutakaa hoteli."

"Hoteli! Mtu anafunga safari kwenda asikokuwa na jamaa hata mmoja? Nani atakupokeeni? Nani atakupikieni? Mkifika mnamwambia nani tumefika?" Akamgeukia Thabit. "Na wewe unakubali? Unguja nyumba ya baba ipo, vitanda vipo, bi mkubwa Zuwena anayeitunza anakungojeeni kila mwaka. Mnaruka Unguja mnakwenda kwenye barafu?"

Thabit akagonga mara moja.

"Ndiyo nini? Ndiyo mnaruka?"

Mara moja.

"Haya. Mimi nileteeni nazi za huko," alisema Mahbuba, na wote watatu wakacheka, kila mmoja kwa namna aliyobakiwa nayo.

Mchezo ungebaki mchezo kama si mazungumzo ya jioni moja ya mwaka 2001, mwezi wa Oktoba, joto limeanza kuvunjika. Thabit alikuwa amekonda. Kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi. Mwanamize alikuwa akisoma bei za vyumba kutoka kwenye kijitabu, kwa ile sauti yake ya wizarani, ya mzaha.

"Bwana mkubwa, uthibitisho tafadhali. Tiketi mbili, chumba cha watu wawili."

Akagonga mara mbili.

"Hapana? Hapana nini? Chumba hukitaki?"

Mara mbili.

"Tiketi?"

Mara moja.

Mwanamize akamtazama. Thabit alikuwa anamtazama yeye, si picha. Jicho lake lilikuwa tulivu kama la mtu aliyekwisha kufunga mizigo ya mwenzake.

"Basi ngapi? Moja?"

Mara moja.

Mke yeyote angelijua la kusema. Angelisema, acha maneno yako, tutakwenda sote au hatwendi. Angelisema, nikuache niende wapi? Lingelikuwa uongo, na wote wawili wangelijua ni uongo, lakini lingelisemwa, lingekaa pale baina yao kama mto wa kuegemea. Mwanamize aliyapata maneno yote hayo, yakamfika ulimini, na hakuyasema. Alifunga kijitabu, akaenda kuanua nguo. Kwenye kamba, shuka za mgonjwa zikimpigapiga usoni, aligundua kwamba amefurahi.

Hilo ndilo hakupata kujisamehe. Kuchoka, kila mtu huchoka. Lakini yeye alifurahi, muda wa kuanua shuka moja, kama mtoto aliyeambiwa shule imefungwa.

Wiki iliyofuata alikwenda Mutrah akanunua koti la sufu, la kijani kizito, la kike, la kipimo chake. Muuzaji alimuuliza kama anakwenda kumtembelea mwana anayesoma Ulaya. Akasema ndiyo. Alilificha kabatini nyuma ya kanzu za Thabit, na mara nyingine, mgonjwa akilala, alifungua kabati akaligusa mkono.

Kuna jambo moja ambalo watu wa kwao hawalisahau, wawe wamesoma au hawakusoma. Mume na mke hawaachani mlango wa kaburi bila ya kutakana radhi. Mgonjwa akishazidiwa, mke humshika mkono, akamwambia: niwie radhi kwa nilichokukosea, nami nimekuwia radhi. Akijibiwa, amepona. Mwanamize alilijua hilo tangu shungi la kwanza kichwani. Alikuwa akingoja wakati wake. Alijiambia kwamba akimwomba mapema atamtisha, mgonjwa atafikiri amekwisha kukatiwa tamaa. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Sababu ya pili aliijua pia: radhi huombwa kwa makosa, naye alikuwa na kosa moja ambalo hakutaka kulitaja mbele ya jicho lile.

Alkhamisi moja ya Januari, Mahbuba alipofika, Mwanamize alijifunga abaya akasema anakwenda duka la dawa.

"Nenda na utazametazame maduka," alisema Mahbuba. "Usirudi mbio. Mie na ndugu yangu tuna masengenyo yetu."

Thabit aligonga mara moja. Mwanamize akamwinamia, akamweka kofia sawa, akatoka.

Hakwenda duka la dawa. Alikwenda Ruwi, kwenye ofisi ndogo ya tiketi ya kijana mmoja aitwaye Humam, ambaye mama yake alikuwa mtu wa Unguja pia.

"Bi Mwanamize! Umekuja kununua au umekuja kunywa chai yangu?"

"Nimekuja kuuliza, mwanangu. Kuuliza kuna ubaya?"

"Hakuna. Ila wateja wangu mie wanakwenda Unguja, wanakwenda Umra, wanakwenda Bombay kwa daktari. Wallahi wewe ndiye wa kwanza kunifungulisha ramani." Akavuta kiti mbele ya kompyuta. "Utabadilisha ndege mara mbili. Viza tutaisaka, yataka subira. Mwezi gani?"

"Juni. Juni jua halizami."

"Na watu wangapi?"

"Mmoja," alisema Mwanamize.

Lilimtoka jepesi, kwa ile salamu yake ya asubuhi, limepanda mwishoni. Humam akaandika, akaagiza chai ya pili. Wakatazama hoteli. Wakacheka majina ya miji. Alipotazama saa aliona amekaa sana, na hata hivyo akamalizia chai.

Kwenye ngazi za Darsait hakusikia pete. Alisikia sauti ya Mahbuba inasoma Yasini.

"Aligonga," Mahbuba alisema, uso umeroa. "Aligonga, aligonga, wifi. Nimempa maji, hataki. Nimemgeuza, hataki. Kiyoyozi nimekizima nimekiwasha. Anagonga tu. Nikamwambia nakuja, nakuja, na mie niko pale pale nimekaa. Halafu akaacha."

Nyumba ikajaa. Wanawake wa Bawshar, wa Sidab, wa mtaani, viatu vikajaa mlangoni hadi ngazi ya chini. Mmoja katika wazee akamshika Mwanamize mabega akamuuliza, kwa upole, kama inavyoulizwa: "Mlitakana radhi, mwanangu?"

Mahbuba alikuwa pembeni, ameinua uso, anangoja jibu kuliko muulizaji.

"Tulitakana," alisema Mwanamize.

"Alhamdulillahi," wakasema wanawake wote, na Mahbuba akaanza kulia vizuri, kilio cha mtu aliyepata pa kukaa.

Akakaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya fleti ile, bila ya manukato, bila ya wanja, kitanda kimeondolewa na alama zake nne zimebaki kwenye zulia. Kinachotakiwa katika eda ni mtu akae na msiba wake. Yeye alikaa nao, lakini hakukaa nao peke yake. Akishika tasbihi, misunobari inamjia. Akisoma, anajikuta yuko kwenye feri ya kisiwani, upepo baridi shingoni, na anashtuka kama mtu aliyelala msikitini. Picha ya vinu aliibandua ukutani, akaona umbo lake limebaki jeupe kwenye rangi, akatundika kalenda juu yake.

Na Mahbuba akija kila Alkhamisi vile vile, kama kwamba mgonjwa yupo. Alikuwa na kisa kimoja tu.

"Hivi alikuwa anataka nini, wifi? Wewe ndiye uliyekuwa ukimfahamu. Kugonga vile mfululizo, ni maji?"

"Labda maji."

"Nilimpa maji."

"Basi labda alikuwa anasoma shahada kwa mkono."

Mahbuba alilipenda hilo. Akalirudia kwa watu. Mwanamize alilisikia likirudi kwake kutoka kwa jirani, limekuwa karama, na usiku ule hakula.

Eda ilipokwisha, mwishoni mwa Mei, Mahbuba alifika mapema na leso mpya, udi na mafuta mazuri. Akamwogesha kwa maji ya waridi kama mtoto, akamfukiza nywele. Wageni walikuja, wakasoma dua, wakala, wakaondoka. Wakabaki wawili. Simu ililia, alikuwa Humam, tiketi iko tayari. Mwanamize alimsikiliza, akasema, "Nimekusikia, mwanangu, nitakujibu," akaikata.

"Nani?"

"Mtu wa tiketi."

Mahbuba akainuka. "Hebu leo tuzitoe nguo za marehemu. Wapo watu wa kuzivaa." Akafungua kabati, akawa anazitoa kanzu moja moja, anazinusa, anazikunja. Halafu mkono wake ukakuta kitu kizito.

"Hili nini? Ya rabbi! Muscat hii, mtu anaweka kondoo mzima kabatini?" Akalivaa, akajitazama kiooni, akageuka huku na huku, mikono imemfunika vidole. "Nimekuwa mke wa balozi." Halafu akaona vifungo. "Hili la kike."

"Langu."

"La Thabit liko wapi?"

"Halipo."

Mahbuba akalivua polepole. "Ulinunua moja. Lini?"

"Kabla."

Kiyoyozi kilinguruma, kikatulia. Mahbuba akakaa chini kwenye zulia, baina ya alama za kitanda, koti mapajani, akawa anailaza sufu yake upande mmoja kwa kiganja.

"Nikwambie kitu, usikitoe nje," alisema mwishowe. "Mie niliyenyonya naye ziwa moja, kuna Alkhamisi nikiomba kichwa kiniume nisije. Wallahi. Ndugu yangu alikuwa mtu mwema, na alikuwa mzito. Wewe ulimbeba kila siku. Nenda. Nenda kwenye barafu yako. Watu watasema; wamseme Mahbuba, mimi ndiye niliyekupa ruhusa."

Mwanamize akaokota kanzu moja, akaikunja upya.

"Unaogopa nini? Si mlitakana radhi? Mie hilo ndilo linaloniwezesha kulala. Nikikumbuka alivyokuwa akigonga, nikawa natahayari kwamba sikujua kumtimizia, hujiambia: mkewe alishamalizana naye, hakuondoka na kitu moyoni. Sasa ikiwa mimi natulia kwa hilo, wewe mwenyewe je?" Akamsogelea, akamshika goti. "Niambie tu, nipate kuiona. Ulipomwomba, aligonga mara moja?"

Lilikuwa neno moja tu. Ndiyo. Tiketi ilikuwa tayari, ruhusa imetolewa na mwenye damu, udi bado uko nywelani. Na neno lenyewe lingemfaa Mahbuba kuliko yeye. Lingemlaza usingizi miaka yote iliyobaki. Mwanamize alifungua kinywa kulisema. Sauti iliyokuwa mlango wa wizara nzima ilitoka ndogo, hata Mahbuba ikambidi aelekeze sikio.

"Sikumwomba, wifi," alisema. "Wala duka la dawa sikwenda."